Msingi wa Nyumba ya Mwanasesere: Jenga Kama Mwashi

Nyumba nyingi za wanasesere zina milango inayofunguka, mapazia dirishani, hata buli la chai lisilozidi ukucha, lakini ukiinama ukazitazama kwa usawa wa meza unagundua kwamba hazijakaa popote. Ukuta unashuka mpaka kwenye ubao, basi, umeishia hapo. Hakuna kilichoingia ardhini wala kilichobeba uzito. Tiba yake ni msingi, na kwa nyumba zetu za kale za pwani msingi maana yake ni mawe.

Nimechagua nyumba ya mawe ya pwani, kama zile za Lamu, Mombasa na Mji Mkongwe wa Unguja, kwa sababu mafunzo mengi ya kazi hii yanatoka Uingereza na Marekani, na mawe yanayofundishwa humo ni ya kijivu, ya mviringo, ya mtoni. Ukiyapanga chini ya mlango wa nakshi, mlango na mawe havisemezani. Isitoshe, jiwe la matumbawe ni rahisi kuigiza. Malighafi yake bora hutupwa kila siku nyuma ya maduka ya mayai, na nitaifikia.

Wanaoanza kazi hii huuliza kwanza habari ya rangi: ya aina gani, ipakwe mara ngapi, kwa brashi ipi. Rangi ina zamu yake, tena ni zamu ya mwisho. Jiwe lililopakwa ovyo lakini likakaa mahali ambapo mwashi angelikalisha, mtazamaji ataliamini. Lililopakwa kwa ufundi wote likaning'inia bila kuegemea kitu, hata mtoto atalikataa ingawa hataweza kukueleza kwa nini. Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni mmoja, na mengine yote yanatoka humo: unapopanga vijiwe hivi, jifanye mwashi asiye na gundi.

Kabla ya kukata chochote, nenda ukatazame ukuta. Nyumba ya pwani huvikwa lipu ya chokaa kutoka juu hadi chini, kwa hiyo jiwe huliona pale tu lipu ilipoanguka, na mara nyingi huanguka chini, karibu na ardhi, ndipo hasa tunapopahitaji. Mwenye nafasi ya kufika Gedi, karibu na Malindi, au Kilwa Kisiwani, atazikuta kuta zimebaki wazi, na anaweza kusoma kazi ya waashi wa karne nyingi zilizopita bila kubandua lipu ya mtu. Fort Jesus ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ina somo la pekee: imesimama juu ya mwamba wa matumbawe wenyewe, na sehemu za chini mwamba umechongwa ukaendelea kuwa ukuta. Ukitaka kijumba chako kikae juu ya mwamba badala ya uwanja tambarare, pale ndipo pa kuangalia.

Asiyeweza kufika popote atumie picha, lakini achague picha zilizopigwa karibu. Picha za watalii hupenda milango.

Utakachokiona ni hiki. Mawe hayalingani. Kuna makubwa kama kichwa cha mtu na madogo ya kushika kwa kiganja, na katikati yake vijiwe vya kuchomekea vilivyopigiwa kwenye mianya ili jiwe kubwa lisitikisike. Udongo wa chokaa ni mwingi, kuliko anavyotarajia mtu aliyezoea kuta za tofali. Mahali pengine jiwe linaonekana uso tu, mengine yote yamezama. Pembeni mwa nyumba mawe ni makubwa zaidi na yamenyooshwa kidogo. Na jiwe lenyewe lina matundu. Waashi wa pwani walitumia matumbawe ya namna mbili: lile gumu la kuchimba nchi kavu, ambalo ndilo la kuta na misingi, na lile laini lililokatwa baharini likiwa bado bichi, likachongwa kwa ajili ya zidaka (vishubaka vya ukutani), fremu na mapambo. Msingi ni kazi ya lile gumu. Ukiona mtu ameweka mawe yaliyochongwa laini chini kabisa ya kijumba chake, ujue alinakili kidaka akakiita msingi.

Sasa vipimo. Kipimo kilichozoeleka zaidi duniani kwa nyumba za wanasesere ni 1:12, yaani inchi moja inasimama badala ya futi moja. Ndicho kilichotumika kwenye nyumba ya wanasesere ya Malkia Mary, iliyosanifiwa na Edwin Lutyens ikakamilika mwaka 1924, ambayo leo iko katika kasri la Windsor. Na ndicho cha vyumba vidogo vya Thorne vilivyo kwenye jumba la sanaa la Chicago. Faida yake kwetu ni kwamba hesabu inafanyika kichwani: chukua kipimo halisi kwa sentimita, gawa kwa 12. Jiwe la sentimita 30 linakuwa la 2.5. Ukuta mnene wa sentimita 48, na kuta za nyumba hizi ni nene kweli, unakuwa wa 4. Baraza ya kukalia yenye kimo cha sentimita 48 nayo inakuwa 4. Kipago cha ngazi cha sentimita 18 kinakuwa 1.5. Kama unajenga kwa kipimo cha 1:24, gawa tena kwa mbili.

Kata mtu wa kadibodi mwenye urefu wa sentimita 14. Huyo ni mtu mzima wa mita 1.68, na atakuwa msimamizi wako wa ujenzi. Kila ukiweka jiwe, msimamishe kando yake. Jiwe linalomfika kiunoni hakuna mwashi angelinyanyua. Jiwe dogo kuliko kiganja chake si la msingi, ni la kuchomekea.

Ubao wa chini uwe mkubwa kuliko nyumba, angalau sentimita 10 kila upande, kwa sababu msingi bila ardhi ni nusu ya kazi. Plaiwudi ya milimita 12 inatosha. Ipake gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji pande zote mbili, juu na chini, kabla ya kuanza. Watu hupaka upande wa juu tu. Kisha unyevu wa pwani unaingia kwa chini, ubao unajikunja, na msingi unapasuka siku ambayo hakuna aliyeugusa.

Juu ya ubao huo jenga kiini cha msingi: fremu ya vipande vya plaiwudi, au vya ile stairofomu nyeupe inayokuja na televisheni, vilivyokatwa kufuata ramani ya kuta. Sakafu ya nyumba za mawe mara nyingi iko juu ya mtaa kwa vipago viwili au vitatu, kwa hiyo kiini cha kimo cha sentimita 3 hadi 4.5 kitakuwa sahihi. Kifanye chembamba kuliko ukuta kwa milimita chache kila upande ili kuacha nafasi ya mawe, na chini kipanuke kidogo. Upana ule wa chini, hata wa milimita 2 au 3, ndio unaolifanya jicho lihisi uzito.

Onyo kwa watumiaji wa stairofomu. Gundi ya viatu huila. Rangi nyingi za kupulizia huiyeyusha. Tumia gundi nyeupe na rangi za maji peke yake, au uifunike kwanza kwa matabaka mawili ya gundi na karatasi.

Haya, mawe. Trei ya mayai, ile ya kijivu iliyotengenezwa kwa karatasi iliyosagwa, ndiyo malighafi ninayoipendekeza kuliko zote. Uso wake tayari una ukwaru na vitundu vinavyokaribia kabisa matumbawe ya nchi kavu. Mtu wa Ulaya anayeiga jiwe la mto hulazimika kuusugua ukwaru huo uishe, sisi tunauhitaji. Trei za plastiki hazifai, na zilizotiwa rangi huchuja rangi hiyo zikilowa. Chagua zisizo na uchafu wa mayai, uzianike juani siku nzima kabla ya kuingia nazo kwenye meza ya kazi.

Chana kwa mkono. Mkasi unaacha ukingo ulionyooka, na jiwe la kuchimbwa halina ukingo kama huo. Kipande kilichochanwa kitakuwa na ncha nyembamba yenye nyuzinyuzi; chovya kidole kwenye gundi iliyozimuliwa, uikunje ncha hiyo kuelekea chini, uibane. Papo hapo kipande kinapata unene na mgongo. Tabaka moja peke yake ni jembamba mno, hivyo weka kipande kingine kidogo chini yake, au viwili, mpaka ufike milimita 4 au 5. Usivitengeneze vyote unene mmoja. Ukuta wa mawe hauna uso wa kioo, baadhi ya mawe hutokeza na mengine hurudi ndani.

Kwa mawe makubwa na ya pembeni kuna njia ya pili. Loweka mabaki ya trei usiku kucha, yaponde mpaka yawe rojo, yakamue maji kwa kitambaa, kisha uyakande na gundi nyeupe. Finyanga mawe kwa vidole, yabonyeze kidogo juu na chini ili yawe na pa kukalia, uyaache yakauke kabisa. Yatasinyaa, kwa hiyo yafanye makubwa kuliko unavyohitaji. Usitumie uji wa unga wa ngano badala ya gundi, hata kama vitabu vya shule vinafundisha hivyo. Katika hali ya hewa yetu uji huo ni chakula: ukungu utautangulia, mende watafuata.

Jiwe likiwa bado na unyevu, lichome kwa sindano nene au ulipigepige kwa mswaki mkuukuu ili kupata vile vitundu vya matumbawe. Lakini usiyachome yote. Kwenye ukuta halisi mengine yana matundu mengi, mengine yamefungana kabisa, na msingi wenye vitundu sawasawa kila mahali utafanana na sponji.

Kuna watakaosema, kwa nini nisitumie mawe ya kweli? Kokoto halisi haibadiliki kuwa jiwe dogo, inabaki kokoto. Chembe zake, mng'ao wake na umbo lake vinasema ukubwa wake wa kweli, na pia inakielemea kijumba kizima. Na kuokota matumbawe baharini kwa ajili ya mapambo ya mezani sikushauri hata kidogo; ndani ya hifadhi za bahari ni kosa kisheria, na nje yake pia miamba ina kazi muhimu kuliko yako.

Kupanga ndiko kazi yenyewe ilipo, kwa hiyo usiwe na haraka. Panga kwanza bila gundi, upande mmoja mzima, uangalie, ubadilishe. Anza pembeni. Mwashi huanza pembeni kwa sababu pembe ndizo zinazomshikia kamba, na wewe uanze hapo kwa sababu pembe ndizo zinazokufichua: mawe yako ni maganda tu juu ya kiini, na kwenye pembe ganda la upande huu likikutana na la upande ule kwa mstari wima, siri imetoka. Jiwe la pembeni lazima lizunguke pembe. Tumia yale uliyoyafinyanga mazima, au kata kipande cha trei pale inapojikunja yenyewe kati ya vikombe. Mkunjo huo ni pembe iliyokwisha tengenezwa. Uso mrefu wa jiwe la pembeni uwe upande mmoja, na wa jiwe linalofuata juu yake uwe upande wa pili, zikipokezana hivyo mpaka juu.

Makubwa yakae chini. Kila jiwe lilazwe kwa upande wake mpana. Kulisimamisha wima ni ishara ya aliyepanga kwa kufuata nafasi zilizobaki badala ya uzito. Jiwe la juu likalie mawe mawili ya chini, lifunike mwanya uliopo kati yake, ili maungio yasifuatane wima kama ufa. Mwanya ukibaki, usiukatie kipande cha kuujaza barabara kama fumbo la picha. Uache, uchomeke vijiwe viwili vitatu vya milimita 3 hadi 5 kama waashi wanavyofanya, na mengine utaachia udongo. Safu ya juu kabisa inyooshwe kwa mawe madogo bapa, kwa kuwa hapo ndipo ukuta utakapokaa.

Kisha fanya jaribio. Kodolea macho jiwe moja moja ujiulize: gundi ikitoweka sasa hivi, hili litabaki? Kama litateleza, liondoe. Jaribio hili ni la kuchosha na ndilo linalotenganisha kazi ya mtu na mtu.

Ukiridhika, gundisha kuanzia chini, safu moja kwa siku ikibidi. Gundi iliyonaswa chini ya jiwe lisilokauka hukaa na unyevu wiki nzima.

Udongo wa kujazia maungio huharibu misingi mizuri kuliko kitu kingine chochote, na sababu ni hesabu ile ile ya 12. Chembe ya mchanga yenye nusu milimita, ambayo kwa macho yako ni laini, kwa yule mtu wako wa kadibodi ni kokoto ya milimita 6. Ukichanganya mchanga wa kawaida na gundi, umemjengea zege kwenye maungio. Chekecha kwa chungio la chai, kisha chekecha tena kwa soksi ya nailoni, utumie vumbi lililopita tu. Mchanganyiko ninaoupendelea ni poda ya kupigia skimu ukutani, inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, pamoja na vumbi kidogo la udongo mwekundu, maji na gundi nyeupe. Poda hiyo ni laini sana, haipasuki ovyo, na ikikauka inakwaruzika kwa ukucha. Udongo mwekundu unaondoa weupe wa dukani. Chokaa yenyewe pia inafaa, ila inaunguza ngozi na macho. Ukiichagua vaa glavu, na watoto wakae mbali.

Kabla ya kujaza, nyunyizia mawe maji yenye gundi kidogo na tone la sabuni ya kuoshea vyombo. Sabuni huyasaidia maji kuingia mpaka ndani ya mianya. Kisha tia udongo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, au kwa mfuko wa plastiki uliokatwa ncha. Jaza mpaka ukaribie uso wa jiwe, usiache mifereji mirefu yenye kivuli kana kwamba mawe yamebandikwa. Nimesema kuta hizi zina udongo mwingi. Baada ya dakika chache, unapoanza kushika, upigepige kwa mswaki mkavu ili uso wake uwe na ukwaru, kisha pangusa nyuso za mawe kwa sponji yenye unyevu. Usisafishe sana. Utando mwepesi uliobaki juu ya jiwe ndio utakaoyaunganisha mawe na udongo kuwa ukuta mmoja.

Sasa lipu, na hapa nyumba ya pwani inakupa zawadi ambayo misingi ya mawe wazi ya Ulaya haina: unaweza kuamua ni jiwe lipi lionekane. Huna haja ya kutengeneza mawe mazuri kuzunguka nyumba yote. Vika sehemu kubwa lipu, uache madirisha machache ambamo lipu imeanguka, na nguvu zako zote uziweke humo. Maji hupanda kutoka ardhini kupitia jiwe lenye matundu, yakiwa na chumvi. Yanapokauka kwenye uso wa ukuta chumvi hujijenga, na lipu hulegea. Kwa hiyo sehemu zilizomomonyoka ziwe chini, hasa penye kivuli, chini ya bomba la maji ya mvua, na pale ngazi inapokutana na ukuta. Zisipande zaidi ya kiuno cha mtu wako wa kadibodi, yaani sentimita 8 hivi. Tundu la lipu lililo katikati ya ukuta mkavu chini ya dirisha linahitaji sababu, na kama huna sababu lizibe.

Jinsi lipu inavyovunjika nayo inasema jambo. Lipu ya zamani ya chokaa hulika taratibu: ukingo wake ni mwembamba, umelainika, unaishia kwenye unga. Lipu ya saruji, ambayo wengi wameipaka juu ya kuta za kale kwa nia njema, huzuia unyevu usitoke, kisha hubanduka kwa mabamba yenye kingo kali na unene unaoonekana. Wahifadhi wa majengo ya kale wanapinga saruji kwenye kuta hizi kwa sababu hiyo hasa. Kwenye kijumba unaweza kuonyesha zote mbili: chokaa laini upande wa zamani, na kiraka cha kijivu cha saruji mahali ambapo mwenye nyumba alikarabati kwa haraka. Kiraka hicho kitafanya kazi kuliko nakshi nyingi. Ukingo laini unaupata kwa kusugua skimu kwa kidole chenye maji kabla haijakauka. Ukingo mkali unaupata kwa kuiacha ikauke, kisha kuivunja kwa ncha ya kisu.

Rangi hatimaye. Jiwe la matumbawe likivunjwa upya ni la krimu au kaki hafifu. Likikaa kwenye hewa na mvua miaka mingi linageuka kijivu na kukaribia weusi. Ndani ya madirisha yako ya lipu, basi, tumia krimu na kaki kwa mawe yaliyofichuka karibuni, na kijivu kwa yaliyokaa wazi siku nyingi. Anza kwa kupaka mawe yote rangi moja ya kati, kaki yenye kijivu kidogo. Ikikauka, gusa jiwe moja moja kwa rangi tofauti kidogo: hili limeongezwa udongo, lile krimu. Halafu mimina maji ya rangi ya kahawia iliyokolea, yaliyozimuliwa sana, yaingie kwenye vitundu na maungio yenyewe. Yakituama mahali, yanyonye kwa karatasi ya chooni. Mwisho kabisa, chukua brashi iliyokaushwa karibu yote, yenye krimu hafifu, uipitishe juu juu ili ishike migongo ya mawe tu. Wengi hapa huzidisha, na kila jiwe likapata ukingo mweupe. Acha ukiwa bado unafikiri haitoshi.

Nyeusi ya chupa usiitumie kamwe peke yake. Kwa vivuli changanya kahawia na buluu. Kijani weka palipo na maji peke yake: chini ya bomba, kwenye kona isiyofikiwa na jua, mstari mwembamba pale lipu inapogusa ardhi.

Baraza inajengwa kwa mawe yale yale na kuvikwa lipu, lakini uso wake wa juu uwe laini kuliko kitu chochote kingine kwenye msingi, na uwe na rangi iliyochakaa katikati na kwenye ukingo wa mbele, kwa kuwa watu hukaa hapo kila siku. Ukingo huo usiwe mkali kama wa boksi. Upitishe msasa mwororo. Ukutani nyuma ya baraza, kwa kimo cha mabega ya mtu aliyekaa, weka uchafu mwepesi wa rangi ya udongo. Mtazamaji hatajua ni nini, ila ataamini.

Kisha leta ardhi ije kwenye msingi. Paka ubao gundi, nyunyizia vumbi lile lililochekechwa, na karibu na ukuta lilundike kidogo ili lisikutane na jiwe kwa mstari ulionyooka. Maji ya mvua yanayodondoka kutoka paani huchimba mfereji mdogo sambamba na ukuta. Ukwaruze kwa kijiti. Vipande vichache vya lipu iliyoanguka viachwe chini ya mahali vilipotoka, na rangi yake ilingane.

Mwenye nyumba ya bara asidhani ameachwa. Njia ni hii hii, jiwe ndilo linalobadilika. Msingi wa Nairobi una mawe ya kijivu yaliyochongwa mstatili, yenye alama za patasi usoni. Hapo mkasi na rula vinaruhusiwa, trei ilainishwe kwanza kwa mgongo wa kijiko, na alama za patasi zichorwe kwa ncha ya kisu zikielekea upande mmoja. Mwanza ni jiwe la graniti, lenye mapande makubwa na vidoa vyeusi na vyeupe, ambavyo utavipata kwa kurusha rangi kutoka kwenye mswaki. Kuzunguka Kilimanjaro kuna jiwe jeusi la volkano lenye matundu, na sindano yako itafanya kazi zaidi kuliko brashi.

Ukimaliza, piga picha kwa simu ukiwa umeishusha mpaka usawa wa macho ya mtu wa kadibodi, taa ikiwa pembeni. Jicho lako limeshazoea makosa yako, kamera haijayazoea. Utaona mara moja jiwe linaloelea na ungio ambalo halikujaa.

Na jambo ambalo lazima uliamue kabla ya jiwe la kwanza, ingawa nalisema mwisho: usigundishe nyumba kwenye msingi. Weka vijiti viwili vya mbao vinavyotokeza juu ya kiini na kuingia kwenye matundu chini ya kuta, ili nyumba inyanyuke. Utahitaji kukagua mchwa chini yake, na kama utaweka taa, nyaya zinahitaji pa kupita. Toboa tundu la milimita 6 kwenye kiini, nyuma, upande usio na baraza, kisha panga mawe kulizunguka ili jiwe moja dogo la kuchomoka lilifunike.